Kujuana Kunapojenga na Kunapobagua: Mtaji wa Kijamii katika Kazi na Jumuiya

Utangulizi



Ukimuuliza kijana aliyemaliza chuo miaka miwili iliyopita kwa nini bado hana kazi, mara nyingi jibu lake ni fupi: "Kazi siku hizi ni kujuana." Anasema hivyo kwa uchungu, akimaanisha kwamba vyeti vyake vimeshindwa na simu moja ya mjomba wa mtu. Lakini neno hilo hilo tunalitumia kwa furaha Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo inapompokea mgeni: "Tujuane kwanza." Neno moja linabeba lalamiko, na linabeba pia ukarimu.

Katika makala hii nataka tujiulize swali moja: je, kujuana ni jambo jema au ni jambo baya? Swali hili linatuhusu sote. Linamhusu mwamini anayetafuta kazi, linamhusu kiongozi wa jumuiya anayesaini barua, na linatuhusu kwa namna ya pekee sisi waseminari, ambao Mungu akijalia tutakabidhiwa parokia zenye ofisi, shule, zahanati na mihuri. Nitajaribu kuonyesha kwamba kujuana ni mali halisi, na kwamba mali hiyo, kama mali nyingine yoyote, hupimwa kwa jinsi inavyomtendea yule asiyekuwa nayo.

1. Mtaji wa kijamii ni nini?

Mtaji wa fedha uko mfukoni au benki. Mtaji wa elimu na ujuzi uko kichwani na mikononi. Mtaji wa kijamii uko kati ya mtu na mtu: ni mahusiano, kuaminiana na desturi za kusaidiana zinazowawezesha watu kufanya pamoja jambo ambalo kila mmoja peke yake asingeliweza.

Mwaka 1916 Lyda Judson Hanifan, msimamizi wa shule za vijijini katika jimbo la West Virginia nchini Marekani, alilitumia jina hilo kueleza nia njema, urafiki na maelewano kati ya majirani, ambayo bila hayo shule ya kijiji haiwezi kusimama. Baadaye wanasosholojia waliliendeleza wazo hilo. Pierre Bourdieu wa Ufaransa alisisitiza kwamba mahusiano ni rasilimali ambayo wenye nacho huitumia kubaki na nacho. James Coleman, katika makala yake ya mwaka 1988, alionyesha jinsi mahusiano yanavyosaidia kazi, biashara na malezi ya watoto. Robert Putnam aliandika juu ya Italia mwaka 1993 na juu ya Marekani mwaka 2000, akionyesha uhusiano kati ya vyama vya wananchi na afya ya jamii nzima. Kanisa nalo halikukaa kimya: Papa Benedikto wa 16, katika Waraka wake wa mwaka 2009 uitwao Caritas in veritate, namba 32, anaonya kwamba pengo la kipato likikua, linamomonyoa mtaji wa kijamii, yaani mahusiano ya kuaminiana na kuheshimu kanuni ambayo kila jamii inayahitaji.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la vitabuni. Nenda Kariakoo asubuhi. Mwenye duka la jumla anampa mmachinga mzigo bila kupokea hata shilingi, na mmachinga atalipa akishauza. Wenyewe wanaita mali kauli. Hakuna mkataba, hakuna hati ya nyumba iliyowekwa rehani. Dhamana pekee ni neno la mtu, na neno hilo lina thamani kwa sababu wote wanaomjua mwenye duka wanamjua pia mmachinga. Akikimbia na mzigo leo, kesho hakuna duka la mtaa ule litakalompa kitu. Coleman alieleza jambo kama hilo kwa wafanyabiashara wa almasi wa New York, ambao hukabidhiana mifuko ya mawe ya thamani kubwa ili yakaguliwe, bila karatasi wala bima. Mahali ambapo watu wanajuana hivyo, biashara inakwenda haraka na kwa gharama ndogo. Mahali ambapo hawaaminiani, fedha nyingi huishia kwa walinzi, mawakili na makufuli.

Jambo la mwisho katika maana ni kutofautisha aina mbili. Upo mtaji wa kufungamana, unaowashika pamoja watu wanaofanana: ndugu, watu wa kabila moja, waliosoma darasa moja. Na upo mtaji wa daraja, unaowaunganisha watu wa hali tofauti: mwalimu na mlinzi, mkulima na mwenye lori, mzaliwa wa mtaa na mpangaji mpya. Wa kwanza unakubeba siku ya msiba. Wa pili unakuvusha kwenda mahali ambapo ndugu zako hawajafika.

2. Habari ya kazi hutoka wapi?

Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha makala ambayo hadi leo haijachakaa. Alikuwa amewahoji wataalamu, mafundi na mameneja waliobadili kazi karibuni katika mji wa Newton, kando ya Boston. Wengi waliipata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, na hilo halimshangazi yeyote. Linaloshangaza ni nani alikuwa mtu huyo. Kati ya kila watu 100 waliopata kazi kwa njia hiyo, wasiozidi 17 walisaidiwa na mtu wanayeonana naye mara kwa mara. Zaidi ya 55 walisaidiwa na mtu wanayekutana naye mara chache chache, na karibu 28 na mtu ambaye huonana naye mara moja kwa mwaka au pungufu ya hapo.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Vijana wanne wanaoshinda kijiwe kimoja wanajua habari zile zile. Mmoja akisikia kuna nafasi ya udereva, wote wanne wamesikia, na wote wanne wanaitaka. Lakini mama anayeimba kwaya pamoja nawe na ambaye humwoni hadi siku ya mazoezi, kazini kwake anasikia mambo ambayo hayajawahi kufika mtaani kwenu. Rafiki wa karibu ana nia kubwa zaidi ya kukusaidia, ila mara nyingi anajua kile unachokijua tayari. Mwaka 2022 watafiti walichapisha matokeo ya majaribio yaliyohusisha watu milioni 20 wanaotumia mtandao wa LinkedIn, na wazo la Granovetter likathibitika kwa sehemu kubwa: mahusiano mepesi, ingawa si mepesi kupita kiasi, ndiyo yaliyowasaidia zaidi watu kuhamia kazi mpya.

Kwa hiyo kijana anayesema kazi ni kujuana hajakosea kabisa. Hata nafasi inayotangazwa kwa haki huwataka waombaji wataje wadhamini, yaani watu wanaoweza kusema, "Huyu namfahamu." Wahenga walikwisha kusema: asiyekujua hakuthamini. Mwajiri anayesoma barua 300 haoni mioyo. Anatafuta mtu wa kumwambia nani anaaminika. Hitaji hilo ni la kibinadamu, na si lazima kuliona kuwa ni uovu.

3. Vijiji vyetu vilichunguzwa

Mwaka 1995 ulifanyika uchunguzi katika vijiji vya Tanzania, ukihusisha kaya zaidi ya elfu moja. Watu waliulizwa wako katika vikundi gani: vya kanisa, vya Waislamu, vya wakulima, vya akina mama, vya kuzikana, vya siasa. Waliulizwa pia vikundi hivyo vikoje: je, wanachama ni ndugu tu au ni watu mchanganyiko, na wanawaamini watu wa namna gani? Deepa Narayan na Lant Pritchett wa Benki ya Dunia waliolinganisha majibu hayo na matumizi ya kaya waligundua kwamba vijiji vyenye vikundi vingi na vyenye uhai vilikuwa na hali bora ya maisha. Walijiuliza kama si utajiri wenyewe unaozaa vikundi, na hesabu zao zikaonyesha kwamba vikundi huchangia kipato.

Tuzingatie jambo moja hapo. Faida hiyo haikubaki kwa wanachama peke yao. Ilikuwa faida ya kijiji. Mahali penye ushirikiano, wazazi walifuatilia shule, wakulima waliiga mbinu bora za kilimo, na watu walikopeshana kwa urahisi zaidi. Yaani kujuana kwema kunavuja nje ya kikundi na kumfikia hata jirani ambaye hakuhudhuria mkutano. Tukikumbuka hilo, tutakuwa na kipimo cha kutambua kujuana kubaya: ni kule kusikovuja hata tone.

4. Mlango uliofungwa

Tuchukue mfano wa vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA, ambavyo viko karibu katika kila parokia, na ambavyo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua. Nguvu ya kikundi ni kwamba wanachama wanajuana na wanadhaminiana. Mama asiye na kiwanja wala gari anaweza kukopa mtaji wa kuuza samaki, kwa sababu wenzake wanajua kwamba hulipa. Lakini nguvu hiyo hiyo ndiyo inayomfungia mlango aliye maskini kuliko wote. Nani yuko tayari kumdhamini mpangaji aliyehamia mwezi uliopita? Nani atamdhamini dada wa kazi za ndani ambaye hana hakika kama mwezi ujao atakuwa bado kwenye nyumba ile? Hakuna aliyemchukia. Hawamjui tu, na asiyekujua hakuthamini.

Vivyo hivyo katika misiba. Mtu aliyeshiriki kuzika wenzake na kuchangia kila mara, siku yake ikifika turubai na viti vinafika kabla hajaulizwa mtu. Yule aliyekuwa akifanya kazi ya ulinzi usiku na kulala mchana, ambaye jina lake halimo katika daftari la michango, familia yake inaweza kubaki na maiti na maswali. Na katika ajira, nafasi inayojazwa kwa simu ya mjomba inamnyima haki mtu ambaye hatajua kamwe kwamba alinyimwa. Hapo ndipo ubaya wa upendeleo ulipo: aliyeumizwa haonekani. Anayesaidiwa anashukuru, anayesaidia anajiona mwema, na wa tatu yuko nyumbani akisubiri simu ambayo haitaita.

5. Kumjulisha mtu na kumpendelea

Falsafa inatusaidia hapa kutenganisha mambo yanayofanana kwa nje. Aristotle, katika kitabu cha nane cha Maadili ya Nikomako, anafundisha kwamba hakuna ambaye angechagua kuishi bila marafiki hata kama angekuwa na mema mengine yote. Anataja urafiki wa aina tatu: wa manufaa, wa furaha na wa fadhila. Urafiki wa manufaa haukatazwi, lakini huisha manufaa yanapoisha, kwa sababu hakumpenda mtu bali kile alichokuwa nacho.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anakwenda mbali zaidi. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 63, anajadili dhambi ya kupendelea watu, ambayo ni kinyume cha haki ya mgawanyo. Hoja yake ni hii: katika kugawa kitu, lazima tutazame sababu inayomfanya mtu astahili kitu kile. Mtu akipewa nafasi ya kufundisha kwa sababu ana elimu ya kutosha, imetazamwa sababu. Akipewa kwa kuwa ni fulani, ametazamwa mtu. Na sababu hubadilika kulingana na kinachogawiwa: undugu unamstahilisha mtu kurithi mali ya baba yake, lakini haumstahilishi kupewa uongozi katika Kanisa.

Mafundisho hayo yanatoa jibu la swali letu bila kutudai tuwe watu wasio na ndugu wala marafiki. Nikimwambia binamu yangu kwamba kuna nafasi imetangazwa, nimempa habari, na habari naweza kumpa yeyote. Nikiandika kwamba nimefanya naye kazi na najua ni mwaminifu, nimetoa ushahidi, na ushahidi wa kweli unamsaidia mwajiri kuona sababu inayostahili. Lakini nikiwa ndimi ninayegawa nafasi, nikampa kwa kuwa ni binamu, nimetoa kitu kisicho changu. Shamba langu naweza kumpa nimtakaye. Kiti cha mhasibu wa parokia si shamba langu.

Kwa maneno mafupi: kumjulisha mtu ni upendo, kumshuhudia kwa kweli ni haki, na kumpendelea ni wizi usio na kelele.

6. Wajane wa Yerusalemu

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni matatizo ya miji ya leo. Tufungue Matendo ya Mitume 6:1-6. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na moyo mmoja na mali ya shirika, na bado wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Luka hasemi kwamba yupo aliyekusudia kuwaonea. Tunaweza kufikiri kwamba wagawaji waliwapa wale waliowajua, waliosema lugha yao na waliokaa karibu nao.

Mitume hawakusema, "Hawa ni wanung'unikaji." Wala hawakuvunja utaratibu wa kugawa. Waliitisha mkutano wa wote, wakataja sifa zinazotakiwa, yaani kushuhudiwa kuwa wema, kujaa Roho na kujaa hekima, kisha jumuiya ikachagua watu saba. Wote saba wana majina ya Kigiriki, na mmoja, Nikolao, alikuwa mwongofu kutoka Antiokia. Kazi ya kugawa ilikabidhiwa watu walioweza kuwafikia wale waliosahauliwa. Tazama pia kwamba sifa ya kwanza ni kushuhudiwa, yaani kujulikana. Kujuana hakukufutwa. Kulipanuliwa.

7. Jumuiya zetu na barua ya paroko

Mwaka 1976 mkutano wa maaskofu wa AMECEA uliofanyika Nairobi uliweka ujenzi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji katika nchi zetu. Tukiitazama jumuiya kwa macho ya somo letu, tunaona hazina kubwa: hatukuchagua wanajumuiya wenzetu. Tumewekwa pamoja kwa kuwa tunakaa mtaa mmoja. Daktari, bodaboda, mjane, mwanafunzi na mama ntilie wanasoma Injili moja kwenye sebule moja au chini ya mwembe mmoja. Ni daraja lililokwisha kujengwa. Linabomoka pale wenye nafasi wanapotuma bahasha badala ya kufika wenyewe, na pale kikao kinapogeuka kuwa kusoma majina ya wasiolipa michango.

Napendekeza mambo matatu.

Kwanza, habari za kazi ziwe za wote. Parokia au shule ya Kanisa ikiwa na nafasi, itangazwe katika matangazo ya mwisho wa Misa na kubandikwa kwenye ubao, pamoja na sifa zinazohitajika na tarehe ya mwisho. Na jumuiya inaweza kutenga dakika tano kila wiki kuulizana: nani anatafuta kazi, nani amesikia nafasi? Dakika hizo hazina gharama.

Pili, tuwatafute wasiojulikana. Katika Injili ya Luka 14:12-14 Bwana anatuagiza tuwaalike wale wasioweza kutulipa. Mtaani kwetu hao ni wapangaji wapya, walinzi, dada wa kazi za ndani, wagonjwa wasiotoka. Kiongozi wa jumuiya ajiulize kila mwezi ni nyumba gani ambayo hajawahi kubisha hodi.

Tatu, na hili ni letu waseminari, tuiheshimu barua. Siku moja kijana atakuja ofisini akiomba barua ya paroko ya kumtambulisha kazini au chuoni. Tukimwandikia sifa tusizozijua, tunatoa ushahidi wa uongo, na barua za Kanisa zitapoteza thamani kwa wote. Tukimfukuza kwa kuwa hatumjui, tunamwadhibu kwa uvivu wetu wenyewe. Njia iliyobaki ni ndefu lakini ni ya haki: kumwuliza anaishi wapi, kuwasikiliza viongozi wa jumuiya na majirani, ikiwezekana kufika nyumbani, kisha kuandika kilicho kweli na si zaidi. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 529, inamtaka paroko ajitahidi kuwafahamu waamini aliokabidhiwa, azitembelee familia, na kwa bidii ya pekee awatafute maskini, walioelemewa, wapweke na walio mbali na nchi yao. Kwa hiyo kwa paroko kuwajua watu ni wajibu wa ofisi. Anayeanza na wafadhili na kuishia kwao hajaitimiza.

Hitimisho

Tumeona kwamba kujuana kunaleta habari, kunajenga imani na kunainua hata kijiji kizima. Tumeona pia kwamba kunaweza kuwa ukuta, na kwamba aliye nje ya ukuta huo mara nyingi hana hata sauti ya kulalamika. Katika Injili ya Mathayo 20:1-16 wapo wafanyakazi waliosimama sokoni hadi saa kumi na moja jioni. Walipoulizwa sababu, walieleza kwamba hawakupata wa kuwaajiri. Mwenye shamba hakuwaambia kwamba walipaswa kuwa na mtu wa kuwaombea. Alikuwa ametoka mwenyewe kuwatafuta, kwa mara ya tano siku ile.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Ni nani katika mtaa wetu ambaye akifiwa leo hatutajua? Kwa nini hatumjui?

2. Je, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vina njia yoyote ya kumpokea mtu asiye na wa kumdhamini?

3. Nafasi ya mwisho ya kazi iliyotokea katika parokia au taasisi yetu ilijazwaje? Watu walipata habari kwa njia gani?

4. Ni habari gani ninayo leo inayoweza kumsaidia mtu ambaye si ndugu yangu wala rafiki yangu?